Chuseok unaalikwa mezani, na marehemu nao wamealikwa

Swali limetoka kwa msomaji wa Lushoto: "Shikamoo mwalimu. Nimepata skolashipu, mwishoni mwa Agosti 2026 naenda Korea kusoma. Kuna rafiki yangu Mkorea tulikuwa tunafundishana lugha, ameshanialika kwao Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, Septemba 25. Nimeangalia kalenda yao nikachanganyikiwa, sikukuu nyingine zinahama nyingine zimetulia, na kama Chuseok ni ya mwezi mbona haizunguki mwaka mzima kama Idi? Ila kikubwa ni kwamba mimi ni Muislamu, nasikia siku hiyo wanasujudia wazee wao waliokufa. Niende nisiende? Nikienda nibebe nini?"

Marahaba binti, na hongera sana. Nenda. Hilo nakujibu mwanzo kabisa ili hayo mengine uyasome umetulia, maana naona hapo ulipo roho iko juu. Mimi Seoul nimekaa miaka kumi na moja, natafsiri na kufundisha lugha, na Chuseok nimealikwa kwenye nyumba za kila aina, za Wabudha, za Wakatoliki, za walokole, na za watu ambao ukiwauliza dini wanakwambia hawana, ila asubuhi ya Chuseok unawakuta wamejipanga mbele ya meza wanainama mpaka paji la uso linagusa sakafu.

Tuanze na mwezi. Kalenda ya Idi ni ya mwezi mtupu, miezi kumi na miwili ikiisha mwaka umeisha, siku 354 au 355, ndo maana Idi inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka na mtu mzima yeyote ameshafunga Ramadhani ya masika, ya kipupwe, ya kiangazi, zote. Wakorea nao siku hizi za jadi wanazihesabu kwa mwezi ila jicho moja liko kwenye jua, wakiona mwaka unateleza wanachomeka mwezi mzima wa ziada, wanauita yundal, mambo yanarudi kwenye msimu wake. Angalia mwenyewe: Chuseok ya 2023 ilikuwa Septemba 29, ya 2024 ikarudi mpaka Septemba 17, kwa hesabu za Idi ungesema ya 2025 itaangukia Septemba 6 hivi, lakini mwaka huo mwezi wa sita ulihesabiwa mara mbili kwahiyo Chuseok ikaruka mpaka Oktoba 6. Inacheza hapohapo, Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba, haiendi kokote. Na haiwezi kwenda, ni sikukuu ya mavuno, ikizunguka kama Idi watavuna nini Februari na shamba limeganda?

Seollal, mwaka mpya wao, nao hivyohivyo, inacheza kati ya Januari 21 na Februari 20 hivi. Kawaida inaangukia siku moja na ile ya Wachina, ila 2027 kuna kitu kizuri, mwezi unaandama Beijing ikiwa dakika chache kabla ya saa sita usiku, na Seoul wako mbele saa moja kwahiyo kwao siku imeshageuka. Wachina watasherehekea Februari 6, Wakorea Februari 7. Hii ikumbuke maana ukimwambia Mkorea "mwaka mpya wa Kichina" uso unabadilika, na hapo utakuwa na ushahidi mkononi.

Sasa hiyo kalenda iliyokuchanganya, igawe mafungu mawili tu. Kuna siku za mwezi, ambazo ni Seollal, Chuseok na kuzaliwa kwa Budha (siku ya nane ya mwezi wa nne), hizi zinahama. Na kuna siku za kalenda ya kawaida zilizowekwa na serikali, hizo hazihami kamwe. Ila kinachohama ni mapumziko ya fidia: siku ya taifa ikiangukia Jumamosi au Jumapili wanakulipa Jumatatu. Ndo maana 2026 utaona Oktoba 3 ni Jumamosi halafu Jumatatu Oktoba 5 nayo nyekundu kwenye kalenda, yaani mapumziko. Chuseok na Seollal zenyewe hazilipwi Jumamosi, zinalipwa zikigongana na Jumapili au sikukuu nyingine, kwahiyo Chuseok yako ya siku tatu ni Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, basi. Siku ya kumbukumbu ya mashujaa Juni 6 na Januari mosi zenyewe hazifidiwi kabisa. Na ukipata kibarua cha kihalali baadaye ujue tangu 2022 sheria inataka ofisi yoyote yenye wafanyakazi watano na kuendelea iwape sikukuu hizi kwa malipo. Wakiwa wanne kushuka chini, hapo ni wewe na bosi wako.

Za serikali nitazipitia harakaharaka maana hakuna atakayekualika popote, watu wanalala. Machi mosi ni ya 1919, Wakorea walipotangaza uhuru mbele ya Wajapani waliokuwa wanawatawala, watu 33 wakatia sahihi na vijana wakaisoma kwenye bustani ya Tapgol pale Seoul, wakati mfalme Gojong amefariki Januari na watu wamejaa mjini kwa ajili ya mazishi yake. Binti anayekumbukwa sana ni Yu Gwan-sun, mwanafunzi wa shule ya Ewha, alifia gereza la Seodaemun 1920 akiwa na umri mdogo kuliko wako. Gereza lenyewe sasa ni makumbusho, nenda siku moja. Agosti 15 ni kuondoka kwa Wajapani mwaka 1945, na hiyo Korea Kaskazini nao wanaiadhimisha, moja ya vitu vichache walivyobaki navyo pamoja. Mei 5 ni ya watoto, kazi ya mwandishi mmoja anaitwa Bang Jeong-hwan aliyeanza kupigania heshima ya mtoto miaka ya 1920, usithubutu kwenda bustani ya wanyama siku hiyo. Juni 6 saa nne kamili asubuhi king'ora kinalia nchi nzima dakika moja, magari yanasimama, watu wanasimama. Usikimbie! Mimi mwaka wa kwanza nilijua Kaskazini wamekuja, nikajificha kwenye ngazi za treni ya chini peke yangu kama panya.

Oktoba 3 ndo ya hadithi. Wanasema taifa lilianza mwaka 2333 kabla ya Kristo na Dangun, ambaye mama yake alikuwa dubu. Dubu na chui milia waliomba wawe binadamu, wakaambiwa wakae pangoni siku mia wakila pakanga na kitunguu saumu tu bila kuona jua, chui milia akashindwa akatoka, dubu akavumilia akawa mwanamke. Ukionja chakula cha Kikorea utaona kile kitunguu saumu hakijawahi kuondoka.

Oktoba 9 hiyo ni yako wewe mwanafunzi wa lugha. Mfalme Sejong alimaliza kutunga herufi zao 1443, akazitangaza 1446, herufi 28, leo zinatumika 24. Msomi wake mmoja aliandika kwamba mwenye akili anazijua kabla asubuhi haijaisha, na mjinga siku kumi zinamtosha. Wewe ulichukua muda gani? Siku hii waliifuta kwenye mapumziko 1991 kwa kisingizio kwamba siku za kazi zinapotea, wapenda lugha wakapiga kelele miaka ishirini na kitu mpaka ikarudi 2013. Sisi Watanzania Julai 7 ya Kiswahili tunapumzika bila kufuta wala kurudisha, ila ni kwa sababu ya Saba Saba.

Haya, Chuseok yenyewe.

Ni siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane, mwezi mpevu, jina lake la zamani ni Hangawi. Kitabu chao cha historia cha karne ya 12 kinasema mfalme Yuri wa Silla, ufalme wao wa kale, aligawa wanawake wa mji mkuu makundi mawili, kila kundi na binti mfalme wake, wakashindana kufuma nguo mwezi mzima, siku ya kumi na tano wanapima, waliofungwa wanapika wanaandaa pombe na wote wanaimba na kucheza. Ndo mzizi wanaoutaja. Na wana msemo, isizidi isipungue, iwe tu kama Hangawi, maana ni siku ambayo hata maskini alikuwa anashiba.

Wiki kadhaa kabla utasikia mashine za kufyekea majani milimani, makaburi ya Wakorea mengi ni vichuguu vya nyasi kwenye vilima na lazima yafyekwe kabla ya siku. Kila mwaka watu wanaumwa na nyigu huko, na siku hizi walio bize wanalipa watu wa kufyeka, mzee akijua ananuna. Halafu ndo safari. Unawajua Wachaga Desemba? Sasa chukua nchi nzima iwe Wachaga. Seoul inabaki tupu, barabara kuu zinakuwa foleni, ushuru wa barabara serikali tangu 2017 inausamehe siku hizo, na tiketi za treni zinafunguliwa wiki kadhaa kabla zinaisha muda huohuo. Muulize rafiki yako leo, sio Septemba, kwao ni wapi na atakukatia tiketi au mnaenda na gari la baba yake. Kama ni la baba, kojoa kabla ya kutoka. Naongea kwa uchungu.

Sasa asubuhi ya siku yenyewe, hapa ndo swali lako lilipo. Wanafanya charye, ibada ya kuwaheshimu marehemu wa ukoo. Meza inapangwa mbele ya pazia la kukunja, juu kuna karatasi imeandikwa jina la marehemu, mishumaa, vijiti vya udi, wali mpya wa msimu, supu, samaki, nyama, mboga, matunda. Kuna kanuni za kupanga, vyekundu mashariki vyeupe magharibi, samaki mashariki nyama magharibi. Pichi haiwekwi hata iwe tamu vipi, inafukuza roho, na utakuwa umewaita wazee halafu umewafungia mlango. Kunazi kavu lazima ziwepo, ndugu wa mkunazi wetu huu tunaooshea maiti kwa majani yake, mara ya kwanza nilipoziona pale mwili ulinisisimka. Mkubwa wa ukoo anamimina pombe, wanainama mara mbili mpaka chini, wanatulia kidogo ili wazee wale, halafu chakula kinashushwa na walio hai wanakila, kula huko nako ni sehemu ya ibada, wanaita eumbok.

Wao wengi watakwambia hii sio kuabudu, ni heshima kwa mzazi, Konfusio alifundisha mzazi anahudumiwa akiwa hai na akifa. Wewe utasema kwangu kusujudu ni kwa Mungu peke yake. Na nataka ujue kwamba huo ubishi sio wako wa kwanza, nchi hii imeshaua watu kwa ajili yake. Mwaka 1791 mwanamume mmoja Mkatoliki, Yun Ji-chung, alichoma vibao vya majina ya mababu zake na mama yake alipofariki akakataa kumfanyia ibada za jadi, wakamkata kichwa mjini Jeonju. Papa Fransisko alikuja Seoul Agosti 2014 akamtangaza mwenye heri. Katikati hapo Roma yenyewe ililegeza mwishoni mwa miaka ya 1930, ikasema ni desturi ya heshima, kwahiyo leo Mkatoliki wa Korea anaweka meza na anainama bila shida. Walokole wao bado wanakataa, asubuhi ya Chuseok wanaimba nyimbo na kusoma Biblia badala yake, na kuna nyumba nyingi ambazo kaka mkubwa anainama na mdogo wake mlokole amesimama pembeni ameshika mikono, halafu wote wanakula meza moja. Kwahiyo mtu asiyeinama Mkorea ameshamuona, tena ni shemeji yake.

Cha kufanya, mwambie rafiki yako kabla, kwa utulivu, kwamba dini yako haikuruhusu kusujudu na utakaa nyuma kimya. Aseme yeye kwa wazazi wake, usije ukaanza kujieleza pale udi ukiwa umeshawashwa. Mara nyingi mgeni hata haitwi mbele, wale sio wazee wake. Simama wakisimama, nyamaza, simu weka mbali. Suala la kula kilichowekwa mezani mwa wafu, hilo sikuamulii, mimi ni mtu wa lugha, muulize shehe wako kabla hujapanda ndege. Na ujue vitu vya kawaida: zile kababu za kukaanga za duara zina nyama ya nguruwe mara nyingi, tambi za japchae zinaweza kuwa na nyama yoyote, pombe inazungushwa. Vya salama kwako ni samaki, mboga, matunda na songpyeon, hizi ni keki ndogo za unga wa mchele zimekunjwa kama nusu mwezi, ndani ufuta na sukari au asali, au maharage, zinapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Wataketi usiku kuamkia siku hiyo kuzikunja na watakupa na wewe, watakwambia akunjaye vizuri atazaa binti mzuri. Zangu zinafanana na sambusa iliyokanyagwa, na watoto wangu ni wa kiume wote, sijui hapo niseme nini.

Kitu kingine angalia nani yuko jikoni. Mama wa nyumba na wakamwana wamesimama siku mbili wanakaangia mababu wa mume, mababu zao wenyewe wamebaki kwao. Wana hadi jina la ugonjwa wa sikukuu, kichwa, mgongo, kutoongea na mume. Talaka baada ya Chuseok ni mada ya magazeti kila mwaka. Mwaka 2022 Seonggyungwan, ile taasisi ya Kikonfusio yenyewe, ilitoka hadharani ikasema jamani vya kukaanga havikuwa lazima tangu zamani, vyakula tisa vinatosha mezani. Wanawake wengi walicheka kwa hasira, maana walishakaanga miaka thelathini. Wewe ukifika omba kusaidia, osha hata vikombe, mama atakufukuza mara mbili, ya tatu atakuachia.

Kuinama kwa watu walio hai ni Seollal, sio Chuseok, usichanganye. Seollal vijana wanawapigia wazee sebae, mwanamume mkono wa kushoto juu, mwanamke wa kulia juu, wanapewa hela mpya na supu ya tteokguk, ukiila umeongeza mwaka (kwa sheria walishafuta hesabu hiyo ya umri 2023, kwa supu bado). Aliye hai anainamiwa mara moja. Mara mbili ni ya maiti. Mimi mwaka wangu wa pili, kiherehere, nilimwinamia bibi wa mwenyeji wangu nikainuka nikashuka tena kwa heshima zote, chumba kikawa kimya, bibi akasema "sijafa bado mwanangu", wakacheka mpaka leo wakinipigia simu wananikumbusha. Wewe mwambie tu mama wa rafiki yako eomeonim, yaani mama, inamisha kichwa na mabega, na useme "Chuseok jal bonaeseyo", uwe na Chuseok njema. Inatosha, na kwa dini yako haina tatizo kama kusujudu.

Ikitokea mwaliko umevunjika ukabaki Seoul peke yako, mahoteli madogo mengi yanafunga siku yenyewe, viduka vya saa ishirini na nne viko wazi, na makasri ya wafalme kama Gyeongbokgung kawaida wanaingiza bure siku za Chuseok. Msikiti wa Itaewon uko palepale tangu 1976, na huko vijana wa kwetu na wa nchi nyingine wengi hawana pa kwenda siku hiyo, utapata pilau.

Zawadi sasa. Supamaketi zitajaa maboksi: mafuta ya kupikia, jodari wa kopo, sabuni na shampuu, na Spam, usishangae, nyama ya kopo iliyoingia na wanajeshi wa Marekani wakati wa vita imekuwa zawadi ya heshima kabisa. Spam achana nayo, ni nguruwe, na kugawa kitu ambacho huli mwenyewe haipendezi. Wewe mtu wa Lushoto nunua mapeasi. Ya kwao ni ya mviringo, makubwa, moja moja imevishwa soksi ya sponji, na yanawekwa kwenye meza ileile kwahiyo mama atafurahi kweli. Toa kwa mikono miwili. Ongeza na kifurushi cha chai ya Usambara kutoka nyumbani, hiyo hawana. Mapeasi nunua siku kama sita kabla, ukingoja ile jioni ya mwisho bei inapanda na maboksi mazuri yameshakwenda, utabaki unachagua kati ya shampuu na shampuu.